Bahashishi Ugenini: Ni Nani Amlipaye Anayekuhudumia?

Mazungumzo na wananchi wanaojiandaa kusafiri nje ya nchi



Kazi yetu ya kila siku ni kumlinda mlaji, na aghalabu tunapokutana nanyi huzungumzia mizani iliyochezewa, bidhaa zilizopitwa na muda na risiti zisizotolewa. Leo tumeombwa tuzungumzie fedha ambayo katika nchi nyingi hakuna sheria inayokulazimisha uitoe, haimo katika orodha ya bei, na pengine haiandikiwi risiti. Hata hivyo imewatoa jasho wasafiri wengi kuliko nauli ya ndege. Fedha hiyo ni bahashishi.

Huenda mtu akauliza, je, hili ni jambo la kuitishia mkutano? Tunaona ndiyo, kwa sababu msafiri wa leo si yule mtalii mwenye mfuko mnene tunayemwona kwenye picha. Ni mfanyabiashara aendaye Guangzhou au Dubai kuleta bidhaa, na kila dola imeshapangiwa mahali pake. Ni mzazi anayekwenda Texas kumwona binti yake aliyejifungua. Ni familia iliyochangishana ili kumpeleka mgonjwa Chennai. Watu hawa hubeba fedha iliyohesabiwa, na asilimia 20 isiyotarajiwa kwao si mchezo. Upande wa pili yupo mhudumu, ambaye katika nchi moja asipopewa bahashishi hana cha kupeleka nyumbani, na katika nchi nyingine akipewa huona haya. Anayetaka kutenda haki kwa mfuko wake na kwa mhudumu hana budi kujua yuko nchi gani.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno bahashishi asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni kutoa, kukirimu. Mfaransa huiita fedha hiyo kwa neno lenye maana ya "kwa ajili ya kunywa". Mjerumani huiita "fedha ya kinywaji". Mrusi huiita kwa jina lililotokana na chai. Nasi, tunapoacha neno la kitabuni, husema "ya soda", "ya maji", au chai vilevile. Inapendeza kuona watu wa mbali hivyo wamekutana kwenye kikombe kimoja, lakini kufanana huku kwa maneno ndiko kunakowapoteza wasafiri. Mtu hudhani kwamba kwa kuwa kila mahali ni chai, basi kila mahali ni hiari, na kila mahali ni kidogo.

Kwetu sisi, zawadi ya namna hii ina mila yake. Aliyehitimu ufundi alimpa mwalimu wake kilemba. Anayestaafu hupewa kiinua mgongo, na jina lenyewe laonyesha kwamba mgongo huo ulikuwa umeinama kazini. Hutolewa kazi ikiisha, na mtoaji anajua kazi ilikwendaje. Zaidi ya hayo, sisi Waafrika Mashariki tunaujua vema upande wa wapokeaji. Wageni wanaopanda Kilimanjaro huwapa waongozaji, wapishi na wapagazi bahashishi mwishoni mwa safari, na mpagazi huitegemea fedha hiyo kulisha watoto. Mgeni anayeshuka mlimani akaondoka bila kutoa chochote, kwa sababu kwao haitolewi, huacha nyuma yake manung'uniko ambayo hatayasikia kamwe. Nasi tukienda kwao huweza kuwa mgeni huyohuyo.

Tunapendekeza basi kwamba kabla ya kuuliza "nitoe kiasi gani?" msafiri aulize swali lililotangulia: huyu anayenihudumia, ni nani anayemlipa?

Tuichukue Marekani kwanza, na tukae nayo kidogo, maana ndiko swali hili lina jibu la ajabu zaidi. Sheria ya shirikisho inaweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 2009. Lakini kwa mfanyakazi anayepokea bahashishi, mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, akitegemea kwamba wateja watajaza pengo lililobaki. Hizo dola 2.13 zimewekwa mwaka 1991, na hazijaongezeka hata senti moja tangu wakati huo. Kwa mujibu wa sheria, bahashishi zisipolijaza pengo, mwajiri lazima alijaze mwenyewe. Lakini kumdai tajiri wako kila wiki akujazie mshahara ni jambo jepesi kwenye karatasi tu, na anayefanya kazi ya mkahawani analijua hilo.

Mambo hayakuanzia hapo. Desturi ya bahashishi iliingia Marekani kutoka Ulaya katika karne ya 19, na Wamarekani wengi wa wakati ule waliichukia, wakiona ni tabia ya mabwana na watwana isiyofaa katika jamhuri. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Ila ilipofika 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimekwisha futwa. Ilichofaidi desturi hii ni kwamba iliwafaa waajiri. Kampuni ya Pullman, iliyoendesha mabehewa ya kulala kwenye treni, iliajiri wanaume Weusi, wengi wa kwanza wao wakiwa wametoka utumwani, ikawalipa mshahara mdogo na kuwaachia abiria kazi ya kuukamilisha. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925, chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na iliwachukua hadi 1937 kupata mkataba na kampuni. Wafanyakazi wa hoteli na mikahawa walipoingizwa kwenye sheria ya kima cha chini mwaka 1966, waliingizwa kwa masharti: bahashishi ya mteja ihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara. Masharti hayo yapo hadi leo.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunajua mtu wetu anapoambiwa "hapa hutolewa asilimia 18 au 20" hukasirika, na hasira yake ina msingi. Ni kweli kwamba mwenye mkahawa amemhamishia mteja mzigo wa kulipa wafanyakazi wake. Sisi wenyewe, tungeulizwa, tungependa bei iliyoandikwa iwe ndiyo bei inayolipwa. Lakini yule msichana aliyekuletea chakula hakuitunga sheria hiyo, na ukimnyima unamwadhibu yeye ambaye hana hatia. Katika mkahawa wa Marekani ambako umekaa mezani ukahudumiwa, bahashishi ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya chakula. Asiyeimudu na anunue chakula cha kuchukua, au apike kwa mwenyeji wake, wala hakuna aibu katika hilo.

Hebu tupige hesabu. Umekula na wenzako huko Dallas, na bei zilizo kwenye orodha zinajumlika kuwa dola 60. Kodi ya mauzo huko ni asilimia 8.25, nayo haimo katika bei zilizoandikwa. Itaongeza dola 4.95. Bahashishi ya asilimia 18 juu ya zile dola 60 ni dola 10.80. Utatoka mkahawani umelipa dola 75.75. Yaani chakula ulichodhani ni cha 60 kimekuzidi kwa zaidi ya robo, na aliyebadilisha shilingi kupata dola hizo ataisikia robo hiyo vizuri. Ndiyo maana tunashauri kwamba ukisoma orodha ya vyakula Marekani, kila bei uiongeze robo kichwani kabla ya kuagiza.

Si majimbo yote yanayofuata kiwango kile cha dola 2.13. California, Washington na Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, humlipa mhudumu kima kamili cha chini cha jimbo kabla ya bahashishi. Hata hivyo desturi ya mezani ni ileile, na mwenyeji wako atashangaa ukitoa hoja ya sheria ya jimbo. Hoteli za Marekani nazo zina watu wanaosahaulika, hasa wasafishaji wa vyumba. Dola 2 hadi 5 kwa usiku mmoja ni desturi, na afadhali ziachwe kila siku kuliko siku ya mwisho, kwa kuwa anayesafisha leo huenda si yule wa kesho. Msusi, kinyozi na dereva wa teksi nao hutarajia kitu. Anayekuuzia gazeti au kukupimia sukari hatarajii.

Hapo ndipo inapoingia ile mashine ya kadi. Siku hizi hata mahali ambapo umenunua kahawa ukiwa umesimama, muuzaji hukugeuzia kioo chenye vitufe vitatu: 18, 20, 25. Watu nyuma yako wamesimama, muuzaji anatazama pembeni kwa adabu, na kidole chako kinatafuta pa kukimbilia. Tunataka kusema wazi: kitufe si sheria. Chini au pembeni ya vitufe hivyo kwa kawaida kuna nafasi ya kuandika kiasi chako mwenyewe, na nyingine ya kutotoa. Kwa kahawa ya kusimama, Wamarekani wenyewe wengi hubonyeza hiyo ya kutotoa na kwenda zao. Tazama pia mashine inapiga asilimia juu ya nini. Katika mfano wetu wa Dallas, asilimia 20 ya chakula peke yake ni dola 12, lakini mashine ikipiga juu ya jumla yenye kodi utatozwa 12.99. Tofauti ni ndogo kwa mlo mmoja, lakini safari ya wiki tatu ina milo mingi.

Katika mikahawa mingi ya huko, mhudumu huondoka na kadi yako na kurudi na karatasi mbili. Kwenye karatasi kuna mstari wa bahashishi na mstari wa jumla, na wewe ndiwe unayeijaza mistari hiyo kwa mkono. Usiiache tupu. Ukiwa umetoa fedha taslimu, piga mstari katika nafasi ya bahashishi, andika jumla, utie saini, na uondoke na nakala yako. Benki hukamilisha malipo hayo baada ya siku moja au kadhaa, na ile nakala ndiyo itakayokuonyesha kama kilichokatwa ndicho ulichoandika. Kundi la watu sita au zaidi liwe na tahadhari ya ziada: mikahawa mingi huongeza bahashishi yenyewe kwenye ankara, kwa kawaida asilimia 18 au 20. Maneno "gratuity" au "service charge" yakiwa yamekwisha andikwa juu, ule mstari mtupu ulio chini haukuhusu tena. Wapo wanaolipa mara mbili kwa kuona mstari mtupu wakadhani unawasubiri.

Sasa tuvuke bahari. Japani jibu la swali letu ni fupi: mhudumu analipwa na mwajiri wake, na yamekwisha. Ukiacha sarafu mezani Tokyo, si ajabu mhudumu akakufuata hadi barabarani akidhani umesahau chenji. Kusisitiza apokee ni kumtia katika mashaka, maana humaanisha kana kwamba kazi nzuri si wajibu wake bali ni kitu cha kununuliwa zaidi. Anachotarajia ni neno. Wenyeji hutoka mkahawani wakisema "gochisōsama", ambalo ni shukrani kwa mlo, na mgeni anayelitamka, hata kwa lafudhi ya Tanga, amelipa deni lake lote la adabu. Katika nyumba za wageni za kijadi upo utaratibu wa kumkabidhi mhudumu wa chumba fedha kidogo ndani ya bahasha, mwanzoni mwa kukaa, lakini mgeni halazimiki. Fedha isikabidhiwe ikiwa wazi. Huko hilo huonekana kuwa utovu wa adabu. Tahadhari moja tu: katika vilabu vya vinywaji huletewa kijibakuli cha chakula ambacho hukuagiza, na kitatokea kwenye ankara. Hicho ni kama malipo ya kiti, nacho ni desturi ya mahali.

Uchina bara nayo haina mazoea ya bahashishi katika mikahawa wala teksi. Wafanyabiashara wetu wa Guangzhou wanalijua hili kuliko sisi. Wanaovuka kwenda Hong Kong wakumbuke tu kwamba kule mikahawa huongeza ada ya huduma ya asilimia 10 kwenye ankara. Singapore hufanya hivyohivyo, kisha kodi hupigwa juu ya jumla. Alama mbili za kujumlisha baada ya bei kwenye orodha ya vyakula humaanisha kwamba vyote viwili bado havijaongezwa.

Ulaya ni bara lenye majibu mengi, nasi tutapita haraka. Ufaransa, huduma imo ndani ya bei, na tangu 1987 bei zinazobandikwa lazima ziwe zimeijumuisha. Maneno "service compris" yana maana hiyo. Sarafu mbili tatu zinazoachwa mezani ni shukrani, si malipo. Ujerumani hupandisha hesabu hadi namba iliyo sawa, au huongeza kama asilimia 5 hadi 10, na utaratibu wake una jambo la kujifunza: fedha haiachwi mezani. Mhudumu akija na ankara ya yuro 27.50, unampa noti na kumtajia jumla unayotaka ikatwe, tuseme 30, naye hurudisha chenji kulingana na hiyo. Usipotamka utarudishiwa chenji yote. Ukisema "asante" huku unampa noti ya 50, huenda akaelewa kwamba chenji ni yake, kwa hiyo asante yako isubiri. Italia utaona neno "coperto" kwenye ankara, ambalo ni tozo kwa kila mtu aliyeketi, kwa mkate na kitambaa cha meza. Si bahashishi na haimwendei mhudumu. Nchi za Skandinavia hawatarajii kitu.

Uingereza tunaisimamia kidogo. Mikahawa mingi ya London huongeza ada ya huduma ya asilimia 12.5 na kuandika kwamba ni ya hiari. Hiari hiyo ni ya kweli: una haki ya kusema iondolewe, na wataiondoa. Zamani mteja alikuwa na sababu ya kuiondoa, kwa kuwa hakuwa na hakika kama fedha inamfikia aliyemhudumia. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 huko England, Wales na Scotland inamtaka mwajiri awagawie wafanyakazi bahashishi na ada zote za huduma anazosimamia, kwa haki na bila kukata sehemu yake. Kwa hiyo ukiridhika na huduma, iache ada ilivyo na usiongeze juu yake.

Sasa India, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaosafiri na wagonjwa. Kwa miaka mingi mikahawa ya India iliongeza ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 10, kana kwamba ni kodi ya serikali. Tarehe 4 Julai 2022 mamlaka ya nchi hiyo ya kulinda walaji, ambayo kwa hakika ni wenzetu katika kazi, ilitoa mwongozo: mkahawa usiiongeze ada hiyo kwenye ankara bila ridhaa ya mteja, usiitoze kwa jina jingine, usimzuie mtu kuingia kwa sababu amekataa kuilipa, na umwambie mteja kwamba ni hiari. Vyama vya wenye mikahawa vilikwenda mahakamani, na mwongozo ukasimamishwa kwa muda. Tarehe 28 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ilitoa hukumu ikiuunga mkono. Kwa hiyo ukiwa mkahawani Chennai au New Delhi ukaona ada hiyo, omba kwa upole iondolewe. Wakikataa, simu ya walaji ya taifa hilo ni 1915. Kodi ya bidhaa na huduma, inayoandikwa GST, ni kitu kingine, hiyo hulipwa.

Lakini shida ya familia ya mgonjwa kwa kawaida haiko mkahawani. Iko kwenye ujia wa hospitali. Msukuma kiti, mfagiaji wa wodi, mlinzi wa lango, kila mmoja anaweza kuonyesha kwamba anatarajia bakhshishi, na neno ni hilohilo tunalolijua. Ndugu wa mgonjwa, akiwa mgeni, hajui lugha, na usiku kucha hakulala, huanza kuamini kwamba asipotoa, mgonjwa wake hatageuzwa kitandani. Akishaamini hivyo hutoa kila siku, na kila siku zaidi, hadi fedha iliyotengwa kwa dawa inaanza kupungua. Ndugu zetu, tofautisheni mambo mawili. Mtu aliyekufanyia wema nje ya kazi yake, kwa mfano aliyekupeleka hadi duka la dawa usiku na kukutafsiria, ukimpa kitu kidogo siku ya kuondoka umefanya jambo la kiungwana. Lakini huduma ya mgonjwa imelipiwa katika ankara ya hospitali. Mtu yeyote akiiwekea sharti la fedha ya mkononi, hilo si suala la utamaduni wala msikubali kuambiwa hivyo. Hospitali kubwa za binafsi zinazopokea wagonjwa wa kigeni zina dawati maalumu la wagonjwa hao. Nendeni hapo siku hiyohiyo mkaseme, na mtaje wodi na saa.

Misri na nchi nyingi za Kiarabu zina desturi ya zamani ya bahashishi ndogondogo. Cairo mtu hukubebea mzigo hatua kumi, mwingine hukufungulia mlango wa msala, mwingine hukuonyesha njia uliyokuwa tayari unaiona. Kila mmoja hutarajia kitu, ila ni kidogo sana, na msafiri mzoefu huweka noti ndogo katika mfuko tofauti na wa noti kubwa. Asiyehitaji msaada aseme "la, shukran" mapema, kabla mzigo haujainuliwa. Mikahawani huko kwa kawaida ankara huwa na ada ya huduma ya asilimia 12, na wenyeji bado huacha kidogo mkononi mwa mhudumu, kwa kuwa hawana hakika ile ada humfikia. Dubai, hoteli na mikahawa mingi huweka asilimia 10 ndani ya ankara. Soma maandishi madogo chini ya orodha ya vyakula. Mahujaji na wanaokwenda umra, wanapomkodia mzee kiti cha magurudumu, na wapatane bei kamili kwanza, waitamke kwa tarakimu na sarafu yake, ndipo mzee aketi.

Yapo mambo mawili yanayohusu nchi zote. La kwanza ni aina ya fedha. Toa sarafu ya nchi uliyomo. Sarafu za chuma za nchi nyingine hazibadilishiki benki, na anayepewa amepewa mzigo. Mhudumu wa hoteli zetu hapa nyumbani aliyewahi kuachiwa vijisenti vya kigeni anajua uchungu wake. La pili ni mashine ya kadi inapokuuliza ulipe kwa fedha ya nchi uliyomo au kwa fedha ya kadi yako. Chagua ya nchi uliyomo. Ukichagua ya kadi yako, aliye upande wa mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi hajipunji.

Tena kuna mpaka ambao hauvukwi popote. Askari, ofisa wa uhamiaji, ofisa wa forodha, mkaguzi wa treni: hawa hawapewi bahashishi, si Marekani, si Uchina, si nchi jirani. Tunalisema kwa sababu lugha yetu imezoea kuvaa kanzu moja mambo mawili. Chai ni ya mhudumu na chai ni ya mla rushwa. Hapa kwetu neno takrima liliwahi kuingizwa hadi kwenye sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Ugenini kosa hili haliishii kwenye aibu. Noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti inaweza kukupeleka mahabusu, na maelezo kwamba kwenu ni adabu hayatapata mkalimani wa kuyatafsiri.

Mwisho tuseme lililo ndani ya uwezo wetu na lisilokuwamo. Ofisi yetu haina mamlaka juu ya mkahawa ulioko nje ya nchi, na hatuwezi kuuamuru ukurudishie fedha. Lakini umetozwa bahashishi ambayo hukuiandika, au kadi imekatwa zaidi ya kilicho kwenye nakala, unayo njia. Zungumza na msimamizi wa mahali pale kabla hujaondoka mjini. Ikishindikana, peleka nakala ya risiti kwa benki iliyokupa kadi na uombe kwa maandishi kwamba malipo hayo yapingwe. Usichelewe, kwa kuwa mitandao ya kadi ina ukomo wa muda wa kupokea malalamiko. Nakala hiyo usiiache ilivyo, maana wino wa karatasi za mashine hufifia. Ipige picha kwa simu usiku uleule hotelini. Wenzetu watakaobaki nyuma ya ukumbi wana fomu ya barua hiyo ya benki, na mtu yeyote anaweza kuichukua bila malipo.

Tupokee maswali, tukianza na akina mama walioketi mbele ambao tumeambiwa wanaondoka kesho.